Siku za mali kauli zikikatwa, bei imepanda

Barua tulizochagua mwezi huu zinatoka Dodoma na jirani zake. Zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza habari ya mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa leo na kulipiwa baadaye: nani anampa nani mzigo, kwa bei gani, na pesa irudi lini.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Msambazaji wangu wa nondo na mabati alikuwa ananipa mzigo, nalipa baada ya siku 30. Sasa anasema ni siku 14, bei ileile. "Sijakuongezea hata shilingi," ananiambia. Nishukuru? Na je, hii ni dalili kwamba ujenzi Dodoma unapoa?
*Mwenye duka, Nkuhungu*

Amekuongezea, ila kaiweka nyongeza mahali ambapo wengi hawaangalii. Chukua kalamu. Tuseme unanunua kwake mzigo wa Sh24,000,000 kwa mwezi, wastani wa Sh800,000 kwa siku. Kwa siku 30, muda wote unatembea na Sh24,000,000 zake. Kwa siku 14 unatembea na Sh11,200,000 tu. Zile Sh12,800,000 zilizobaki lazima uzitoe wewe. Ukizikopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka (weka riba ya benki yako), utalipa Sh2,304,000 kwa mwaka, sawa na Sh192,000 kwa mwezi. Gawanya kwa manunuzi ya mwezi, unapata asilimia 0.8. Hiyo ndiyo bei iliyopanda. Kama pengo unaliziba kwa wakopeshaji wa mtaani wanaotoza asilimia 10 kwa mwezi, ni Sh1,280,000 kila mwezi, zaidi ya asilimia 5 ya mzigo mzima. Kwa nondo, ambayo faida yake ni nyembamba, hapo unafanya kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo usiende kwake kulalamika kwamba mambo ni magumu. Ameshayasikia hayo kwa wateja kumi kabla yako. Nenda na hiyo 0.8 imeandikwa kwenye karatasi. Anza kwa kuomba punguzo la asilimia 1.5, mkikutana kwenye 1, umerudisha ulichopoteza na chenji kidogo. Akikataa kabisa kugusa bei, omba visivyomuuma sana. Usafiri wa kutoka bohari hadi dukani uwe juu yake. Kiwango cha chini cha oda kishuke, ili badala ya kubeba tani 6 mara moja ubebe tani 3 mara mbili, na pesa isilale kwenye stoku. Kisha lile ambalo watu husahau: siku 14 zihesabiwe kuanzia lini? Ankara ikiandikwa Dar es Salaam Jumatatu na mzigo ukashuka dukani kwako Alhamisi, siku tatu zimeshaliwa kabla hujauza kipande. Andikisha kwamba hesabu inaanza siku mzigo uliposhuka, kwa tarehe iliyo kwenye hati ya kupokelea.

Punguzo la kulipa papo hapo nalo lina hesabu yake. Akikwambia, "Lipa mzigo ukishuka, nikutolee asilimia 2," badala ya kungoja siku 30, maana yake unatoa 98 leo ili usitoe 100 baada ya mwezi. Chukua 2, gawanya kwa 98, zidisha kwa 365, gawanya kwa 30: ni asilimia 24.8 kwa mwaka. Kama benki inakukopesha kwa 18, chukua punguzo, hata kwa pesa ya kukopa. Akitoa asilimia 1 tu, hesabu inashuka hadi 12.3, hapo baki na siku zako. Na kwa kuwa siku sasa ni 14, punguzo lilelile la asilimia 2 limekuwa na thamani ya asilimia 53 kwa mwaka. Msambazaji anayekata siku huku akiacha punguzo lake kama lilivyokuwa anatafuta pesa taslimu kwa bei ghali. Ukiwa na pesa mkononi, wewe ndiye mwenye nguvu mezani, hata kama duka lako ni dogo.

Kabla hujasaini chochote, pima mzigo, kwa sababu bei hujificha pia kwenye uzito. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.66. Weka vipande kumi kwenye mizani: visomeke kama kilo 106 au 107. Tani moja ni vipande 94 hivi. Ukihesabu tani yako ukakuta vipande 100, usifurahi. Umeuziwa nondo nyembamba, na bei imepanda bila mtu kufungua mdomo. Kwa mabati, angalia geji (namba ya unene) iliyopigwa muhuri kwenye bati lenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye ankara. Geji 30 ni nyembamba kuliko 28.

Sasa swali la dalili. Siku zikikatwa, sababu ni moja kati ya tatu: yeye ana shida, wewe umemtia wasiwasi, au soko lote limebana. Waulize wenye maduka watatu wanaonunua kwake. Kama umekatwa wewe peke yako, kagua daftari lako, maana huenda mara mbili tatu ulichelewa kulipa naye akanyamaza. Kama wote mmekatwa, waulize na wateja wa msambazaji mwingine. Nao wakiwa wamekatwa, basi tatizo liko juu zaidi, kiwandani au benki. Angalia na profoma zako za nyuma, zile karatasi za bei unazopewa kabla ya kununua. Ile iliyokuwa imeandikwa "bei hii inadumu siku 30" ikigeuka "siku 7", kisha "bei ya leo", muuzaji haamini kwamba atapata mzigo mwingine kwa bei aliyonunulia huu. Dereva anayekataa kufungua turubai la fuso kabla ya kuona ujumbe wa malipo kwenye simu ni hatua ya mwisho kabisa ya ugonjwa huo.

Ujenzi Dodoma tusiupimie kwa barua moja. Ila fahamu kwamba mwezi Juni ni mbaya kwa kipimo hiki. Bajeti ya Serikali inasomwa hapo hapo kwenu, viwango vipya vya kodi huanza Julai 1, na muuzaji wa bidhaa za nje hawezi kukuandikia bei itakayovuka tarehe hiyo. Masharti yakikazwa Juni yakalegea Julai, ulikuwa msimu tu. Yakibaki yamekazwa hadi Septemba, hilo ni jambo jingine.

Na kama msambazaji anakuandikia bei kwa dola "ili kujilinda", mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Tunakamua alizeti. Mbegu tunanunua kwa pesa taslimu wakati wa mavuno, mafuta tunauza kwa maduka makubwa kwa siku 45. Kila mwaka kufika Oktoba hatuna pesa, ingawa vitabu vinaonyesha faida. Tubane upande gani?
*Meneja, Kibaigwa*

Faida ipo ila imelala. Hesabu siku: tuseme mbegu inakaa ghalani wastani wa siku 90 kabla ya kukamuliwa na kuuzwa, mteja anakaa na pesa siku 45, na mkulima hakukopeshi hata siku moja. Jumla ni siku 135. Kila shilingi inarudi mkononi mara 2.7 tu kwa mwaka. Ukishusha siku za wateja hadi 21, mzunguko unakuwa siku 111 na shilingi ileile inarudi mara 3.3. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa.

Msimbane mkulima. Mavuno ya Mei hadi Julai yana wanunuzi wengi, na anayetaka alizeti kwa mkopo huachiwa ile yenye mchanga na maji. Nguvu yenu iko kwa wauza mafuta.

Someni upya mkataba wa duka kubwa. Tunashuku haujasema "siku 45" bali "siku 45 baada ya mwisho wa mwezi". Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Mzigo uliopokelewa Julai 2 unangoja hadi Julai 31 ndipo hesabu ianze, kisha siku 45, mnalipwa Septemba 14. Hizo ni siku 74. Kama hawataki kubadili maneno hayo, badilisheni ratiba: pelekeni mzigo tarehe 27 hadi 29, si tarehe 2. Mkataba uleule, siku 47 hadi 49 badala ya 74.

Jambo la pili ni makato. Ndoo iliyovuja, chupa isiyo na lebo, "mchango wa matangazo", na ankara nzima inazuiwa kwa sababu ya ndoo mbili. Ombeni kifungu kimoja tu: pasipo na mgogoro palipwe kwa wakati, penye mgogoro pangoje. Dai la upungufu litolewe ndani ya siku 3 tangu kupokea, kwa maandishi. Maduka mengi hukubali hili kwa urahisi kuliko kupunguza siku, kwa sababu afisa wao wa manunuzi hapimwi kwa hilo.

Mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, uzeni kwa pesa mkononi, bila ubishi. Wafugaji wanayahitaji kiangazi, wakati uleule mnapokaukiwa. Na kama sehemu ya mbegu mnaihifadhi kwenye ghala lenye leseni, stakabadhi ya ghala inaweza kuwa dhamana benki chini ya sheria ya mwaka 2005. Linganisheni riba yake na ya mkopo wa kawaida kabla ya Mei, si Oktoba mkiwa mmeshabanwa.

Nasoma uchumi Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunafundishwa mfumuko wa bei, riba ya Benki Kuu, Pato la Taifa. Je, masharti ya mikopo kati ya kampuni na kampuni yanaweza kuwa kiashiria cha uchumi? Kuna anayeyapima?
*Mwanafunzi, UDOM*

Wapo, na ni ajabu kwamba vitabu vinayapita haraka. Fikiria vile viashiria ulivyovitaja. Fahirisi ya bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapima anacholipa mlaji. Mfuko wa saruji uliouzwa bei ileile lakini kwa siku 14 badala ya 30 hauonekani humo. Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kutumika Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo na kushuka hadi 5.75 Julai 2025, inasogea kwa hatua za robo na nusu. Wakati huo msambazaji wa Kizota anabadilisha masharti yake kwa simu moja asubuhi. Bei ni kitu cha hadharani. Kuipandisha kunaudhi wateja na kumfurahisha mshindani. Siku hukatwa kimyakimya, mteja mmoja mmoja. Ndiyo maana siku huwa zinatangulia.

Nchini Marekani, chama cha wasimamizi wa mikopo ya biashara, NACM, hutoa kila mwezi fahirisi yenye vipengele kumi. Vinne ni vya heri: mauzo, maombi mapya ya mkopo, makusanyo na kiasi cha mkopo kilichotolewa. Sita ni vya shari: maombi yaliyokataliwa, madeni yaliyopelekwa kwa wakusanyaji, migogoro ya ankara, pesa iliyopita muda, makato ya wateja na maombi ya kufilisika. Mstari ni 50. Juu yake hali inapanuka, chini yake inasinyaa. Uingereza ilipitisha kanuni mwaka 2017 zinazozilazimisha kampuni kubwa kutangaza mara mbili kwa mwaka zinawalipa wauzaji wao baada ya siku ngapi. Umoja wa Ulaya una mwongozo wa mwaka 2011 unaotaka taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30, kampuni kwa kampuni kwa kawaida zisizidi 60.

Sasa pana mtego, na mtihani wako huenda usiuulize. Siku za kulipa zikirefuka, inaweza kuwa habari njema au mbaya kabisa. Kampuni iliyokaa mezani ikapewa siku 60 kwa sababu inanunua sana ina nguvu. Kampuni yenye mkataba wa siku 30 inayolipa baada ya 60 inazama. Kwenye mizania zote mbili zinaonekana sawa: wadai wameongezeka. Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza iliyoanguka Januari 2018, ilijulikana kwa kuwalipa wauzaji wake hadi baada ya siku 120, jambo ambalo kwa mbali lingeweza kusomwa kama ubingwa wa kubana gharama. Mwezi huohuo, hapa jirani Kenya, Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Wauzaji walikuwa wameacha kupeleka bidhaa kwa kutolipwa, na rafu zilikuwa tupu tangu mwaka uliotangulia. Aliyekuwa anahesabu rafu aliona mapema kuliko aliyekuwa anasoma hesabu.

Kwa hiyo rekodi namba mbili kila mara: siku zilizokubaliwa, na siku zilizotumika kweli. Pengo kati yake ndilo kiashiria.

Unaweza kutengeneza fahirisi ndogo ya Dodoma kwa daftari la kurasa 96. Chagua maduka 20: vifaa vya ujenzi, vyakula vya jumla, vipuri, dawa za mifugo. Yatembelee yaleyale kila mwezi, wiki ileile. Usiulize "hali ikoje", utajibiwa "tunamshukuru Mungu" na utaondoka mtupu. Uliza: mzigo wa mwisho umepewa siku ngapi? Ulioutangulia? Profoma inadumu siku ngapi? Kisha hesabu: maduka 4 masharti yamelegea, 9 yako vilevile, 7 yamekazwa. Asilimia ya waliolegezewa ni 20, ongeza nusu ya waliobaki vilevile, 22.5, unapata 42.5. Iko chini ya 50, masharti yanakaza.

Mwezi mmoja hausemi kitu. Januari kuna ada za shule, Ramadhani ina mzunguko wake, na vikao vya Bunge hujaza nyumba za wageni na kubadilisha kila kitu kuanzia mchele hadi vocha. Linganisha na mwezi kama huo wa mwaka jana, na ukichukua maduka ya ujenzi pekee utakuwa umepima Mji wa Serikali wa Mtumba, si Dodoma.

Nimeshinda zabuni ya vifaa vya ofisi kwa taasisi ya umma. Nimeambiwa malipo huchukua hata miezi mitatu. Naweza kuwatoza riba?
*Muuza shajala, Area C*

Kama haimo kwenye mkataba, usihesabu kuipata. Weka gharama ya kungoja kwenye bei unapoandika zabuni: siku 90 kwa riba ya asilimia 18 ni asilimia 4.4. Anayesahau hili ndiye anayeshinda kwa bei ya chini halafu anauza pikipiki kulipa deni.

Kinachouma zaidi ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kama umesajiliwa. Ankara ya Sh11,800,000 ina VAT ya Sh1,800,000 ndani yake, na, ukitoa sehemu ambayo mnunuzi ameizuia mwenyewe, unatakiwa kuiwasilisha TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, uwe umelipwa au hujalipwa. Kwa hiyo, pale ratiba inaporuhusu, peleka mzigo mwanzoni mwa mwezi. Ukiupeleka Machi 29, VAT inadaiwa Aprili 20. Ukiupeleka Aprili 2, inadaiwa Mei 20. Siku nne zimekununulia mwezi mzima, kihalali. Usijaribu kupeleka mzigo na kuchelewesha ankara. Kisheria kodi haingoji karatasi yako.

Watakukata pia kodi ya zuio ya asilimia 2 kwa bidhaa. Dai cheti chake siku hiyohiyo, maana hiyo ni sehemu ya kodi yako ya mapato iliyokwisha kulipwa, na bila cheti utailipa tena. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Hakikisha hati ya kupokelea mzigo imesainiwa na kamati ya mapokezi, iko kwa mhasibu mwezi Mei, na nakala unayo wewe.

Tuko maduka matano sokoni Majengo. Tunataka kununua sukari na mchele pamoja ili tupate bei ya gari zima. Tahadhari gani?
*Umoja wa wauza nafaka, Dodoma*

Nunueni pamoja, lakini kila duka liwe na ankara yake na deni lake. Ankara moja kwa jina la mmoja ina maana huyo mmoja anadaiwa kwa wote watano, na wa tatu akichelewa mnagombana nyote. Na msikubaliane bei ya kuuzia. Kupanga bei kwa pamoja ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hata mkiwa wadogo.

Mteja wangu wa miaka mingi hataki kusaini hati ya mzigo. Anasema tunaaminiana.
*Muuza vinywaji, Chamwino*

Asaini. Deni la mkataba lina ukomo wa miaka 6 mahakamani, na bila hati utabishana kwanza kama deni lipo. Deni likikaa, mpelekee taarifa yake kila Desemba aisaini kabla miaka hiyo haijaisha. Saini ya kukiri deni inaanzisha hesabu ya miaka 6 upya. Akikataa mara ya pili, mzigo unaofuata alipe ukishuka.